Mrija Huu Bado Unahitajika?

Hotuba kwa wauguzi, madaktari na jamaa za wagonjwa mahututi, Nairobi

Bwana mwenyekiti, wauguzi wenzangu, madaktari, wanafunzi wa uuguzi mliotoka zamu ya usiku mkaja hapa moja kwa moja bila kulala, na ninyi jamaa za wagonjwa mlioketi safu za nyuma kana kwamba ukumbi huu si wenu, hamjambo. Ningeomba walioko nyuma wasogee mbele, kwa sababu sehemu kubwa ya maneno niliyokuja nayo leo inawahusu wao kama inavyotuhusu sisi tuvaao sare.

Nimekuwa muuguzi katika chumba cha wagonjwa mahututi jijini hapa kwa miaka 19. Mgonjwa anapoletwa kwetu, ukoo mzima huelekeza macho kwenye janga lililomleta, liwe ni ajali ya barabarani, kiharusi, kifafa cha mimba au nimonia kali, na kwa siku mbili tatu za kwanza ni kweli kwamba hilo ndilo linalopigania roho yake. Lakini akishazivuka siku hizo, shinikizo la damu likatulia na mkojo ukaanza kutoka vizuri, mara nyingi kinachomrudisha chini ni jambo ambalo hakuja nalo. Amelipata kwetu, juu ya kitanda chetu, wakati mwingine kupitia mikono yetu wenyewe. Nimonia inayotokana na mashine ya kupumulia, bakteria walioingia katika damu kwa kufuata mrija, maambukizi ya mkojo yaliyopandia kwenye mpira, kidonda kilichochimbika mgongoni kwa kulala upande mmoja, donge la damu lililojiunda mguuni likasafiri hadi mapafuni: hayo ndiyo niliyokuja kuyazungumzia.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022 kuhusu kuzuia maambukizi, lilieleza kwamba kati ya kila wagonjwa 100 wanaolazwa hospitalini, 7 katika nchi tajiri na 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata angalau ambukizo moja wakiwa huko huko wodini, na kwamba kwa wastani mmoja kati ya kila 10 wa hao walioambukizwa hufariki. Hesabu hiyo ni ya hospitali kwa jumla. Katika chumba cha wagonjwa mahututi hali huwa nzito zaidi, na sababu yake si siri.

Mtu mzima wa afya ana walinzi ambao hawafikirii. Pua yake huchuja hewa, kikohozi husukuma nje kila kinachopotea njia, mate husafisha kinywa mchana kutwa, ngozi hufunga mlango, na mkojo kila unapotoka husafisha njia yake. Mgonjwa mahututi ameondolewa karibu walinzi wote hao kwa wakati mmoja, na aliyewaondoa ni sisi, kwa nia ya kumwokoa. Mrija wa kupumulia unaruka pua na koo na kuingia moja kwa moja katika njia ya hewa. Dawa ya usingizi inanyamazisha kikohozi. Mrija wa mshipa mkuu unatoboa ngozi na kufika karibu na moyo. Mpira wa mkojo unaacha njia wazi usiku na mchana. Kila kimoja kati ya hivyo kina sababu yake, wala sisemi visitumike, kwa kuwa bila hivyo wengi wangefariki siku ya kwanza. Ninachosema ni kwamba kila mrija tunaouingiza ni mlango tulioufungua sisi, na mlango ambao hauna tena kazi unapaswa kufungwa siku hiyo hiyo.

Niruhusuni nirudi nyuma kidogo, kwa sababu asili ya chumba hiki inafundisha. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, Denmark, ulivamiwa na ugonjwa wa kupooza, yaani polio, na hospitali ikajaa watoto na vijana ambao misuli yao ya kupumua ilikuwa imelegea. Mashine zilikuwa chache mno. Daktari wa usingizi aliyeitwa Bjørn Ibsen alishauri watobolewe koo, wawekewe mrija, kisha hewa isukumwe kwa mfuko unaobanwa na mkono. Wanafunzi wa udaktari waliitwa kwa mamia, wakaketi kando ya vitanda kwa zamu, wakibana mfuko saa baada ya saa, usiku na mchana, kwa wiki nyingi. Vifo vilipungua sana, na mwaka uliofuata Ibsen akaanzisha huko chumba ambacho wengi wanakihesabu kuwa cha kwanza duniani cha wagonjwa mahututi kama tunavyokijua leo. Huwaambia wanafunzi wangu habari hiyo kila mwaka, kwa sababu kazi yetu ilianza kwa mkono wa mtu uliompa mwenzake pumzi, na mkono huo huo leo ndio unaobeba vijidudu kutoka kitanda cha pili hadi cha tatu.

Sasa nitasimulia jambo ambalo kwa miaka mingi sikulisema hadharani.

Mnamo mwaka 2020, hesabu iliyofanywa wakati wa Korona ilionyesha kwamba kaunti 22 tu kati ya 47 za nchi hii ndizo zilizokuwa na chumba cha wagonjwa mahututi hata kimoja. Hali hiyo ndiyo inayoeleza ving'ora vya ambulensi tunavyovisikia usiku zikiingia Nairobi kutoka mbali, na ndani yake wagonjwa waliokwisha kuwekewa mirija mahali pengine, kwa haraka, na watu waliokuwa wanakimbizana na kifo. Miaka kadhaa kabla ya hapo nililetewa kijana wa bodaboda kwa njia hiyo hiyo, saa nane za usiku, ameumia kichwa. Kwenye kinena cha kulia alikuwa na mrija wa mshipa mkuu. Plasta iliyoufunika haikuandikwa tarehe wala jina la aliyeuweka. Mwongozo unajulikana: mrija uliowekwa kwa dharura, bila uhakika kwamba usafi kamili ulizingatiwa, hutolewa na kubadilishwa mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 48.

Siku ya tatu niliona ukingo wa plasta umeanza kubanduka. Nilikuwa na wagonjwa watatu wa mashine zamu hiyo. Nilichukua utepe, nikaubandika juu ya plasta ile ya zamani, nikaenda kwenye kengele iliyokuwa inalia kitanda cha nne. Sikuuliza mrija huo una siku ngapi. Aliyenipokea zamu hakuuliza, na aliyempokea yeye hakuuliza, kwa kuwa kila mmoja wetu aliukuta pale na akachukulia kwamba aliyetangulia ana sababu. Siku ya tisa kijana yule, ambaye alikuwa ameanza kufumbua macho akiitwa, alishikwa na baridi ya kutetemesha kitanda, joto likapanda, shinikizo la damu likaanguka. Maabara iliotesha bakteria aitwaye Klebsiella kutoka kwenye damu yake, aina iliyokuwa sugu kwa karibu kila dawa tuliyokuwa nayo kabatini. Alifariki siku nne baadaye. Mama yake alinishika mikono yote miwili akanishukuru kwa kumtunza mwanawe. Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo nikikumbuka mikono ile, nakumbuka utepe.

Nimeieleza habari hiyo kwa urefu kwa sababu ukiichunguza huoni mtu mzembe ndani yake, bali utaona swali ambalo halikuwa na mwenyewe. Daktari alidhani ni la muuguzi, muuguzi alidhani ni la daktari, na usiku ulidhani ni la mchana.

Huko Marekani, katika jimbo la Michigan, kuanzia mwaka 2004, vyumba vya wagonjwa mahututi zaidi ya 100 vilikubaliana kufanya mambo matano katika kila mrija wa mshipa mkuu, chini ya uongozi wa daktari Peter Pronovost wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Kunawa mikono; kumfunika mgonjwa mwili mzima kwa kitambaa kisafi na mwekaji kuvaa kofia, barakoa, gauni na glavu safi za upasuaji; kusafisha ngozi kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu; kuepuka kinena inapowezekana; na kuondoa kila mrija usiohitajika. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo halikuwa limeandikwa vitabuni tangu zamani. Jipya lilikuwa kwamba kuliwekwa orodha, na muuguzi akapewa mamlaka ya kumsimamisha daktari palepale hatua ikirukwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006: wastani wa maambukizi ulishuka kutoka 7.7 kwa kila siku 1,000 za wagonjwa kuwa na mrija hadi 1.4 baada ya miezi 16 hadi 18. Madaktari wenzetu mlioko hapa, nawaomba mlitafakari hilo la muuguzi kumsimamisha daktari. Mnajua lilivyo gumu kwetu, ambako msichana wa miaka 24 aliyemaliza chuo juzi anatakiwa kumwambia mtaalamu mwenye mvi, "Daktari, samahani, glavu zimegusa kitanda." Asiposema yeye, hakuna mwingine aliye karibu kiasi hicho. Na akisema, mjibuni "asante", mbadilishe glavu, mwendelee, kwa sababu akijibiwa kwa ukali mara moja hatasema mara ya pili, na atakayelipa ni mgonjwa.

Tangu siku ya kijana yule, katika wodi yetu tunapokabidhiana zamu saa moja asubuhi, anayetoka humtajia anayeingia kila mrija ulio ndani ya mgonjwa, tarehe uliyowekwa, na sababu ya kuendelea kuwepo siku hiyo. Tarehe huandikwa kwa kalamu ya wino usiofutika juu ya plasta yenyewe, kwa sababu faili huweza kubaki ofisini lakini plasta haiachani na mgonjwa. Sababu isipopatikana, daktari wa zamu huulizwa kabla ya chai. Plasta ya plastiki angavu hubadilishwa baada ya siku 7, ile ya kitambaa baada ya siku 2, na yoyote iliyolowa au kubanduka hubadilishwa saa hiyo hiyo, haiongezewi utepe. Kila kabla ya kupitisha dawa, mdomo wa mrija husuguliwa kwa spiriti kwa takriban sekunde 15, kisha ukaachwa ukauke. Sekunde 15 ni ndefu ukiwa na kengele inalia nyuma yako. Zihesabuni hata hivyo.

Nije kwenye mapafu, ambako ndiko tunakopoteza wagonjwa wengi zaidi.

Watu husikia nimonia ya mashine wakafikiri mashine ndiyo chafu. Mara nyingi uchafu hautoki kwenye mashine, unatoka kinywani mwa mgonjwa mwenyewe. Mate na makohozi yenye bakteria hukusanyika nyuma ya koo, juu ya kijiputo kinachoziba pembeni mwa mrija, na kidogo kidogo hupenya pembeni yake na kuteremka mapafuni. Ndiyo maana kichwa cha kitanda huinuliwa kati ya nyuzi 30 na 45 isipokuwa pale daktari alipotoa sababu ya kutofanya hivyo. Utafiti uliofanywa Barcelona na kuchapishwa mwaka 1999 uliwalinganisha wagonjwa walioinuliwa na waliolazwa chali: waliodhaniwa kupata nimonia walikuwa 8 kati ya kila 100 kwa walioinuliwa, na 34 kati ya kila 100 kwa waliolala chali. Kuinua kitanda hakuna gharama yoyote. Hata hivyo mgonjwa huteleza, na baada ya saa mbili utamkuta kiuno kimeshuka na kidevu kimegusa kifua huku kitanda chenyewe bado kimeinuka, kwa hiyo mwangalieni mgonjwa, msiangalie kitanda. Shinikizo la kijiputo nalo hupimwa kila zamu, libaki kati ya sentimita 20 na 30 za maji: likipungua mate yanapita, likizidi linaumiza ukuta wa koo.

Kisha kuna mswaki. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ni kazi ambayo wanafunzi huiona duni kuliko zote. Kwa miaka mingi tulifundishwa kupangusa kinywa kwa dawa ya klorheksidini, lakini ushahidi wa faida yake kwa wagonjwa wa mashine umedhoofika, na mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2022 ulirudisha heshima ya mswaki wa kawaida bila dawa hiyo. Kwa hiyo: chukua mswaki wa mtoto, ulio laini na kichwa kidogo. Mwite mgonjwa kwa jina lake, mwambie unampiga mswaki, hata kama unaamini hasikii. Mwenzako ashikilie mrija mahali ulipo, na usome alama iliyo kwenye meno kabla na baada, ujue haujasogea. Fyonza kwanza kilichoko nyuma ya ulimi. Anza na meno ya nyuma juu, uje mbele, ushuke chini, usafishe ulimi taratibu kutoka ndani kuja nje, maji kidogo sana, ukifyonza wakati wote. Paka midomo mafuta isipasuke. Dakika nne au tano, na mara nyingi mgonjwa aliyelegea kabisa utamwona akikunja uso au kuubana mswaki kwa meno. Nimewahi kupata dalili ya kwanza ya kuzinduka kwa mtu namna hiyo, kabla ya kipimo chochote kuonyesha.

Kuzinduka kwenyewe ni kinga. Kila siku mgonjwa anayobaki kwenye mashine ni siku nyingine ya hatari, na dawa za usingizi zikiachwa zitiririke bila kusimamishwa, humbakiza huko bila sababu. Watafiti wa Chicago walionyesha mwaka 2000 kwamba wagonjwa waliosimamishiwa dawa hizo mara moja kila siku hadi waamke walikaa kwenye mashine siku 4.9, ilhali wengine walikaa 7.3. Najua kwa nini zamu ya usiku haipendi mgonjwa aliyeamka: anavuta mirija, anahitaji mtu kando yake. Hilo linanipeleka kwenye idadi yetu. Mgonjwa wa mashine anastahili muuguzi wake mmoja. Muuguzi mwenye watatu hatasimamisha dawa ya usingizi, hatapiga mswaki, hatageuza kwa wakati, na atanawa mikono nusu ya mara anazopaswa, si kwa ubaya wa moyo bali kwa sababu saa haina dakika za kutosha. Wasimamizi wa hospitali mlioketi hapa mbele, naomba msinunue mashine ya sita kabla hamjaajiri wauguzi wa ile ya tano.

Kuhusu ngozi nitasema jambo moja ambalo vitabu vingi tulivyosomea havikutuambia. Vimeandika kwamba dalili ya kwanza ya kidonda cha kulalia ni wekundu usiopotea ukibonyezwa. Kwenye ngozi ya wagonjwa wetu wengi wekundu huo hauonekani. Ukingoja kuuona, utakachokiona ni kidonda kilichokwisha kupasuka. Itumieni mikono: wekeni mgongo wa kiganja juu ya mfupa wa chini ya kiuno, nyonga, visigino, kisogo, mkalinganishe na ngozi ya jirani. Mahali palipo na joto kuliko pengine, au pagumu, au palipovimba na kuwa kama tope chini ya kidole, au palipogeuka rangi kuelekea zambarau, pameanza kufa. Mgeuzeni kila saa mbili, mkimwinua kwa shuka badala ya kumburuta, na wekeni mto chini ya miundi ili kisigino kielee hewani, kisiguse godoro hata kidogo. Chini ya mrija wa pua na chini ya kamba za barakoa ya oksijeni pia hutokea vidonda, nasi huvisahau kwa sababu hatutarajii kuviona usoni.

Damu kuganda miguuni huzuiwa kwa sindano ya heparini tumboni, au kwa soksi za kubana zinazojazwa hewa iwapo mgonjwa ana hatari ya kutoka damu, na kwa kumketisha na kumsimamisha mapema kadiri mtaalamu wa mazoezi ya viungo anavyoruhusu. Mpira wa mkojo: mfuko ubaki chini ya usawa wa kibofu, usiguse sakafu, usifunguliwe ovyo.

Dawa sasa. Katika jiji hili mtu mwenye mafua huweza kutembea hadi duka la dawa lililo karibu na steji na kurudi na antibiotiki bila cheti. Matokeo ya mazoea hayo hulazwa kwetu. Tunakutana na bakteria kama Klebsiella, Acinetobacter na Pseudomonas ambao hawajali hata dawa za akiba, na tunakutana na kuvu aitwaye Candida auris, aliyeelezwa kwa mara ya kwanza Japani mwaka 2009 baada ya kupatikana katika sikio la mgonjwa, na ambaye watafiti wamekwisha kuandika kuhusu maambukizi yake ya damu hapa hapa Nairobi. Kuvu huyu hudumu juu ya reli za kitanda na vitufe vya mashine kwa wiki kadhaa, na sabuni nyingi za kawaida za kusafishia wodi hazimuui, klorini humuua. Mama anayepiga deki katika chumba cha wagonjwa mahututi, kwa hiyo, yumo katika tiba kama mimi nilivyomo, na anapaswa kufundishwa, kulipwa na kuchanjwa kama mtu wa tiba. Nasi tuchukue damu ya kuotesha kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki, bila kuichelewesha dozi yenyewe mgonjwa anapozidiwa, kisha majibu yakirudi tuwe na ujasiri wa kupunguza au kusimamisha dawa.

Juu ya kila nililolitaja yako maji. Nairobi ina mgao wa maji, na kuna siku bomba la wodi hukohoa hewa tu. Dawa ya kusugulia mikono yenye alkoholi hutengenezwa hata na famasia ya hospitali, kwa kufuata kanuni ya Shirika la Afya Duniani ya ethanoli asilimia 80, glisaroli na haidrojeni peroksaidi kidogo, na ikisuguliwa kwa sekunde 20 hadi 30 hutosha mara nyingi. Lakini mkono ulioonekana kuwa na uchafu au damu unahitaji maji na sabuni, kwa sekunde 40 hadi 60. Tangi la akiba la chumba cha wagonjwa mahututi lisihesabiwe pamoja na tangi la bustani. Na glavu haziondoi wajibu wa kunawa: nimewaona watu wakivaa jozi moja, wakatoka nayo kitanda kimoja hadi cha tatu, wakijilinda wao na kumwacha mgonjwa bila ulinzi.

Jamaa za wagonjwa, sasa ni zamu yenu. Mkija kutazama, vueni pete na saa, naweni mikono mnapoingia na mnapotoka, msiketi juu ya kitanda, na msitembee kutoka kwa mgonjwa wenu kwenda kumsalimu wa jirani, japo adabu zetu zinadai hivyo. Supu na uji mlioleta kwa upendo visipitishwe mdomoni wala kwenye mrija kabla ya kumuuliza muuguzi. Mwenye kikohozi abaki nyumbani. Wachungaji wetu huja na mafuta ya upako, na sisi tunawakaribisha kwa sababu tumeona faraja wanayoileta. Ninachowaomba ni kwamba chupa moja isiguse vipaji vya nyuso vya wagonjwa watano. Mimineni tone la mgonjwa mmoja kwenye pamba safi, mpakeni, mnawe, ndipo mwende kwa mwingine. Maombi hayatapungua nguvu.

Kuna pia kazi ambayo ninyi mnaiweza kuliko sisi. Wagonjwa wetu wengi huweweseka: hawajui ni usiku au mchana, huona wadudu ukutani, hudhani tumewateka. Hali hiyo huwachelewesha kupona, na inawafanya wavute mirija tukalazimika kuwalaza tena. Mleteeni miwani yake na kifaa chake cha kusikia. Mwambieni kwa lugha ya nyumbani leo ni siku gani, mvua imenyesha au haijanyesha, nani amejifungua, ng'ombe yupi ameuzwa. Sauti ya mwanawe humtuliza mzee kwa namna ambayo sindano yangu haiwezi.

Na mna haki ya kuuliza. Mwaka jana mama mmoja anayeuza mitumba alikuwa akija kila asubuhi kumwona mumewe kabla ya kufungua kibanda. Nilikuwa nimemweleza, kama ninavyowaeleza wote, maana ya kila mrija. Asubuhi moja aliunyooshea kidole mfuko wa mkojo akaniuliza, kwa upole, huku amekunja mikono kifuani ili asiguse chochote: "Sista, huu bado anauhitaji? Jana alinionyesha kwa mkono kwamba anaweza kwenda haja mwenyewe akisaidiwa." Tulikuwa tumekabidhiana zamu saa mbili zilizopita na tumeupitia mrija ule kwa tarehe na sababu, sababu iliyotajwa ilikuwa ya siku nne nyuma, wakati angali katika usingizi wa dawa. Nilimwita daktari. Mpira ulitolewa kabla ya saa nne.